Kondoo Wasiotaka Kuchechemea

Jumatano, 1 Mfunguo Tatu

Mwezi umeandama. Idi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Leo sikunyoa ndevu wala kukata kucha, kama wafanyavyo wanaokusudia kuchinja. Mimi sichinji. Lakini majirani hawana haja ya kulijua hilo.

Jumanne ndiyo siku yangu. Kamati ya kitivo chetu cha tiba ya mifugo itaamua ni mnyama gani atumike, kwa miaka mitatu ijayo, kuchunguza baridi yabisi inayoingia kwenye goti baada ya goti kuvunjika. Ni kondoo wangu au sungura wa Dokta Inas Halwagi. Mshindi anapata maabara mpya. Anayeshindwa anapelekwa kituo cha kuku, kule jangwani. Sipendi kuku. Kuku nao hawanipendi.

Nina kondoo madume kumi na wawili. Miezi kumi na moja iliyopita niliwalaza sita kwa dawa ya usingizi, nikawatia ufa mdogo ndani ya goti, nikaufunga kwa skrubu kama wanavyofungwa watu hospitalini. Sita wengine sikuwagusa, ni wa kulinganishia. Mfupa hupona, ila gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limeshaumia, na baada ya miezi goti linaanza kukaza na kuuma. Ndivyo ilivyomfika Mama, aliyeanguka ngazini miaka saba iliyopita. Mfupa wake ulipona vizuri sana. Goti ndilo halikupona.

Tatizo ni moja. Kondoo hawachechemei! Kila nikienda zizini na daftari langu, wote kumi na wawili wanatembea kama mabwana harusi.

Ami Zakariya, mtunza zizi, ana nadharia yake. Eti alfajiri, sita kati yao wakiinuka husimama kwanza, mguu mmoja juu, mpaka goti likubali. "Wewe unakuja saa nne, Dokta. Saa nne wameshachangamka." Nikamwambia sayansi ina wenyewe, yeye akafagie. Akaenda kufagia.

Jambo jingine. Vibandiko vya namba masikioni vinaliwa. Kondoo wanatafunana. Ni vya karatasi ngumu, nilivichagua mwenyewe. Nimemwagiza Ami Zakariya awapake rangi nyekundu mgongoni wale sita waliopasuliwa, kabla kibandiko cha mwisho hakijaenda tumboni.

Alhamisi, 2 Mfunguo Tatu

Amepaka. Mistari minene, mizuri, inaonekana toka lango kuu.

Nilisahau jambo moja tu. Sokoni, siku hizi kumi, kondoo mwenye rangi nyekundu mgongoni ni kondoo aliyekwishanunuliwa. Mimi sikulifikiria. Kila mtu mwingine katika mji huu alilifikiria. Ilipofika adhuhuri kitivo kizima kilikuwa kinasema Dokta Bahgat anauza kondoo, sita wameshaenda, atakaye awahi. Ndevu zangu nazo zilikuwa ushahidi.

Saa saba akaniita Profesa Wahdan, mkuu wa kitivo na mwenyekiti wa kamati. Miaka mitano hajawahi kunikaribisha kiti. Leo alinikaribisha kiti. Akauliza habari za Mama. Akauliza habari za goti la Mama. Halafu akauliza, huku akipanga kalamu zake, kama wale wasio na rangi bado wapo.

Nikamweleza kwamba ni kondoo wa utafiti.

"Najua, mwanangu. Lakini wale wasioguswa si hawajaguswa?"

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka! Kamati ina wajumbe watatu wenye kura. Wasioguswa ni sita. Utafiti ukiisha, kitivo huwauzia wafanyakazi wanyama wazima waliobaki. Ni utaratibu wa zamani, mimi nitauharakisha kidogo tu. Nikamwambia Profesa kwamba nitamwekea mmoja. Sikusema nitampa. Nilisema nitamwekea. Kuna tofauti kubwa, ingawa sikumfafanulia.

Kufikia alasiri nilikuwa nimewawekea wajumbe wote watatu, pamoja na msajili, mkutubi na dereva wa Profesa, ambao hawana kura ila wana midomo.

Inas nimempita ukumbini. Alikuwa amebeba sungura. Nilimwonea huruma. Sungura hachinjwi Idi.

Ijumaa, 3 Mfunguo Tatu

Mapumziko. Nilichelewa kupata kifungua kinywa kwa sababu Mama alichelewa kutoka chumbani. Kila asubuhi ni vilevile. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anashika ukuta, anainuka, anasimama hapo kama anayesubiri ruhusa, ndipo anatembea. Akifika jikoni huwezi kujua kama ana goti bovu. Nilimwambia ajitahidi kuwahi, maharage yanangoja.

Akanijibu kwamba goti lake lingekuwa linasikia amri zangu, mimi ningekuwa profesa zamani. Kisha akaniuliza kama ndevu hizi ni za kuchinja au za uvivu.

Mimi nilikuwa nahesabu kura. Tatu kwa sifuri.

Jumamosi, 4 Mfunguo Tatu

Balaa.

Nimekwenda zizini kuwaangalia wale sita wa kuwekewa watu. Nimekuta kondoo kumi na wawili wekundu.

Ami Zakariya alifurahi kuniona. Akaeleza kwamba msajili alipita kusema ameshapata wake, dereva akapita, mkutubi akapita, mwishowe akaona hakuna asiye na mwenyewe. Basi akawapaka wote, watu wasije wakagombana. Alitumia ndoo nzima ya rangi.

Nikamuuliza vibandiko viko wapi. Akasema cha mwisho kililiwa jana baada ya swala ya Ijumaa. Hata aliyekila anamjua.

Sasa sijui nani ana skrubu na nani hana. Miezi yangu kumi na moja imesimama pale inacheua, na yote inafanana. Nikisema ukweli mbele ya kamati, nimekwisha. Nikimpa Profesa kondoo mwenye skrubu, nimekwisha zaidi.

Mashine ya eksirei ingemaliza kila kitu kwa saa moja, lakini funguo anazo Inas. Nikampigia simu, nikasema nataka kuwapiga picha kondoo wachache. Akauliza kwa nini. Nikasema afya kwa jumla. Akasema, "Kesho saa tatu nakungoja, Dokta Bahgat. Uje na orodha ya namba zao."

Sitakwenda. Sauti yake ilikuwa inacheka.

Jumapili, 5 Mfunguo Tatu

Sikwenda.

Badala yake nilijaribu kutafuta kovu kwa vidole. Manyoya yameota yakafunika kila kitu. Wa kwanza alivumilia. Wa pili alivumilia. Wa tatu alinipiga teke la paja, nikakaa kwenye ndoo ya maji. Ama skrubu inafanya kazi vizuri mno, ama huyo hana skrubu. Daftarini nimemwekea alama ya kuuliza.

Ami Zakariya alinisaidia kuinuka. Akaniambia kwa upole kwamba yeye anawajua wote sita, hahitaji rangi wala namba. Nije tu saa kumi na moja alfajiri, nikae kimya naye, nitawaona kwa macho yangu. Nikamwambia alfajiri ni ya waoka mikate. Akasema haya.

Sikosi njia lakini. Profesa ameniarifu kwamba hachukui kondoo wa kuchinja bila kukaguliwa. Kesho atakuja na bucha wake, Maalim Debsha. Huyu ni mtu mwenye jina. Miaka arobaini hajapitisha kilema. Wanasema anamtambua kondoo mgonjwa hata kondoo mwenyewe hajajua.

Nimeruka kwa furaha, paja likanikumbusha. Kilema hafai kuchinjwa! Basi Debsha atawatenga vilema upande mmoja na wazima upande mwingine. Vilema ndio wangu wa skrubu. Wazima ndio wa watu. Nitapata orodha yangu bure, kutoka mdomoni mwa mtaalamu, mbele ya mwenyekiti, na hakuna atakayejua kwamba niliipoteza.

Wakati mwingine najiogopa.

Jumatatu, 6 Mfunguo Tatu

Walikuja saa nne. Profesa Wahdan, wajumbe wawili, Maalim Debsha na tumbo lake. Inas naye alikuja, hakualikwa, akasimama karibu na Ami Zakariya akiwa na daftari. Viatu vyake vilikuwa na matope ya zizini tayari. Sikujiuliza kwa nini.

Debsha alifanya kazi kama hakimu. Alifungua midomo, akahesabu meno. Akavuta masikio, akatazama macho, akapapasa mapembe, akainua mikia. Akamtembeza mmoja mmoja. Akapiga makofi wakimbie. Wakakimbia! Wote! Niliwaangalia na moyo wangu ukawa unasema, chechemea, chechemea basi, hata mmoja. Walirukaruka kama siku ya Idi ni sherehe yao.

Debsha akafuta mikono. Akasema katika miaka arobaini hajaona kundi safi hivi. Kumi na wawili, wote wazima, hakuna dosari hata ya ukucha. Nikamwomba atazame tena, hasa magoti. Akaudhika. Akaniambia, "We Dokta, unanifundisha kondoo? Mke wangu ameachika kama yumo kilema hapa!" Akaapa hivyo mara tatu, kwa sauti, kila mtu akasikia.

Profesa alifurahi sana kama mnunuzi. Halafu nikamwona anakumbuka polepole kwamba yeye ni mwenyekiti.

"Bahgat. Hao sita uliowavunja magoti. Mwaka mzima karibu. Hakuna hata mmoja anayechechemea?"

Nikasema huo ni ushahidi wa ubora wa upasuaji wangu.

Kondoo mmoja alikohoa.

Profesa akasema basi nimwonyeshe wenye skrubu ni wepi, maana hataki kuvunjika jino siku ya Idi. Sikusita. Kusita ndiko kunakomponza mtu. Nilinyoosha kidole kwa uhakika kabisa, huyu, huyu, na huyu, mpaka nikamaliza.

Akaniambia nimenyoosha kwa wanane.

Jumanne, 7 Mfunguo Tatu

Naandika haya nikiwa na kichwa kinaniuma.

Inas alizungumza kwanza. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya sungura, nikapumua. Ya pili ilikuwa ya zizi langu. Akasema anawaondoa sungura wake kwenye shindano. Goti la sungura ni dogo mno, na sungura hukaa amelikunja kutwa, halibebi uzito kama la mtu. Goti la kondoo linakaribiana zaidi na la binadamu. Akasema mnyama bora ni kondoo wa Dokta Bahgat, na kwamba wagonjwa wa baridi yabisi wamo mle zizini, sita kamili, ila hakuna aliyewatazama saa ifaayo.

Siku tatu mfululizo alikwenda alfajiri kukaa na Ami Zakariya. Mzee akamwonyesha sita wanaoinuka wakasimama mguu mmoja juu kabla ya hatua ya kwanza. Jana alasiri akawapeleka hao sita kwenye eksirei. Akaonyesha picha. Skrubu. Skrubu. Skrubu. Sita kwa sita! Nafasi ndani ya goti imepungua, mfupa umeota vijiba pembeni. Baridi yabisi tupu, nzuri ajabu, kazi ya mikono yangu.

Akaeleza kwamba kondoo akitazamwa na wageni huficha maumivu, maana anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Kwa Ami Zakariya hawafichi. Yeye ni mtu wao.

Nikasimama. Nikasema hilo ndilo nililokuwa nikilisema siku zote. Profesa akaagiza Ami Zakariya aitwe. Mzee akaingia na ufagio wake, akaulizwa kama alipata kunieleza mimi habari hii. Ami Zakariya hapendi kumwaibisha mtu. Alitazama sakafu muda mrefu.

"Nilimweleza, Profesa. Dokta akaniambia nikafagie."

Walipiga kura. Kondoo walishinda, tatu kwa sifuri, kama nilivyohesabu. Kondoo na maabara amepewa Inas. Mimi naondoka kwenda kwa kuku baada ya Idi.

Iliniuma. Sitaficha humu. Mwaka mzima nimewanunulia majani ya barsimu kwa mkono wangu, na sikuwahi kumwona mmoja wao akiamka.

Jumatano, 8 Mfunguo Tatu

Inas ametangaza kwamba kondoo wote kumi na wawili wanabaki kwa utafiti. Hakuna wa kuchinjwa. Watu sita niliowawekea wamebaki mikono mitupu siku mbili kabla ya Idi, na sokoni waliobaki ni mifupa. Simu imelia tangu asubuhi. Nimeizima. Msajili akaja kwa miguu.

Nilimwambia kwamba sikuwahi kusema nitampa. Nilimfafanulia ile tofauti. Hakuipokea vizuri.

Alhamisi, 9 Mfunguo Tatu

Siku ya Arafa. Nimefunga. Nilikuwa nimeinua mikono kuomba nisahauliwe na watu wote, mlango ukagongwa. Maalim Debsha.

Eksirei imemfikia. Kumbe vilema walikuwamo, sita, na mkewe alisikia kiapo kile toka kwa wake za watu. Ameshafunga virago yuko kwa kaka yake, na harudi mpaka shehe aseme kiapo kilishika au hakikushika. Shehe yuko Makka, anahiji. Msimu wa kisu, nyumbani hakuna wa kumpikia hata maharage, na mji mzima unamcheka.

Haya yote niliyasikia nikiwa kabatini. Debsha alikuwa na mfuko wa visu. Ni vya kazi, najua, lakini ni visu.

Mama alimkaribisha, akampa pole, akamwambia shehe yeyote mwenye busara atamsamehe, kwani aliapa kwa alichokiona. Debsha akalia kidogo. Akauliza mimi niko wapi. Nilimtegemea Mama.

"Yuko kabatini, baba. Lakini umwache mpaka magharibi, ana saumu."

Debsha akaufungua mlango wa kabati, akanitazama katikati ya makoti, akatikisa kichwa, akaufunga. Nafikiri ningependelea kisu.

Alipoondoka Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akisugua goti. Akaniambia, bila hasira, kwamba kwa miaka saba kila asubuhi anasimama mbele yangu mguu ukiwa haujakubali, na mimi namuuliza maharage. "Unachunguza nini huko kazini, Bahgat?"

Nikamjibu, baridi yabisi ya goti baada ya mvunjiko. Akanitazama sana. Sikuelewa anachotaka.

Ijumaa, 10 Mfunguo Tatu

Idi. Nimenyoa. Nyama tumeletewa na jirani wa juu, mapafu na kipande cha bega.

Saa tano Inas alipiga simu kututakia Idi njema. Nilidhani amepiga kufurahia msiba wangu. Hapana. Alisema upasuaji wangu ni mzuri kuliko wa yeyote pale kitivoni, na ni dhambi mikono ile kwenda kuhesabu mayai. Amemwomba Profesa. Profesa alikataa, akamwomba tena, akakubali kwa sharti.

Sharti ni hili. Kuanzia tarehe kumi na nne, siku thelathini, kila alfajiri, nikae zizini na Ami Zakariya. Niandike ninachokiona kwa kila kondoo. Ameinuka saa ngapi, mguu gani umebaki juu, imechukua muda gani mpaka hatua ya kwanza. Nisiongeze, nisipunguze. Daftari likijaa kwa haki, nabaki, na jina langu linaingia kwenye andiko karibu na lake. Nikikosa hata siku moja, kuku.

Nilikata simu nikalia. Mama akaniona, nikasema ni kitunguu. Akasema hatujakata kitunguu. Akanikumbatia hata hivyo.

Nimepewa nafasi ambayo sistahili. Naiandika hapa ili nisiisahau. Nitakuwa mtu mpya.

Jumatatu, 13 Mfunguo Tatu

Daftari limeletwa na dereva wa Profesa, ambaye bado hanisalimii. Kurasa safi, zimepigwa mistari na Inas mwenyewe. Nimeguswa sana. Kazi inaanza kesho alfajiri.

Baada ya chakula cha mchana nilikaa nalo mezani, nikafikiri. Siku thelathini, kondoo kumi na wawili. Kondoo ni wale wale. Magoti ni yale yale. Mtu mwenye elimu anajua tayari watakachofanya.

Nilianza na siku ya kwanza ili kuzoea tu. Ikaenda vizuri. Kufikia alasiri nilikuwa siku ya kumi na nane. Nimetumia kalamu tatu tofauti, wino usifanane. Siku ya tano nimedondoshea chai. Siku ya kumi na moja nimeandika kwamba kulikuwa na ukungu na Ami Zakariya alikuwa na mafua. Siku ya ishirini na mbili kondoo mmoja mwenye skrubu aliamka vibaya sana, nikamhurumia, nikampa nafuu siku ya ishirini na tatu. Siku ya ishirini na tisa nimeacha pengo dogo na kuandika "sikuona vizuri", ili ionekane mimi ni mtu mkweli.

Nimemaliza kabla ya adhana ya magharibi. Kesho nitalala mpaka saa nne.

Inas ana bidii, simnyimi haki yake. Lakini katika historia nzima ya kitivo hiki hakuna mtu mwingine aliyewahi kumaliza utafiti siku moja kabla ya kuuanza.